Dada au kituo? Nani abaki na mtoto Dar es Salaam

Geti la nyumba tunayopanga Tabata halifiki chini. Kati ya bati na sakafu umebaki uwazi wa kama shibiri moja, na hapo ndipo binti yangu Nasra, mwenye miaka miwili na miezi saba, hulala kifudifudi kila asubuhi akitazama miguu ya wapita njia. Ndala za bluu ni mama wa mboga. Viatu vyeusi vinavyokimbia ni wanafunzi waliochelewa kengele. Magurudumu ya mkokoteni ni kaka wa maji, na huyo huitwa kwa kelele mpaka aitikie. Haya niliyajua mwezi uliopita, malaria iliponilaza nyumbani siku tatu. Kabla ya hapo nilikuwa naamini kwamba asubuhi mtoto anacheza na wanasesere na vile vikombe vya plastiki tulivyomnunulia sikukuu.

Kitu kingine nilichokiona ni siku ya dada wetu wa kazi inavyokwenda. Anaamka saa 11 alfajiri pamoja na sisi. Tukishatoka anaosha vyombo vya jana, anafagia, anamwogesha mtoto, anakoroga uji, anafua, anakinga maji yakitoka, anabandika cha mchana. Katikati ya yote hayo kuna mtoto anayetaka kubebwa. Siku ya kwanza, saa 3 asubuhi, ndoo mbili za nguo zikiwa zinamsubiri uani, alimkalisha Nasra kwenye zulia, akawasha luninga, akaweka katuni, kisha akanitupia jicho kama mtu aliyefumaniwa akilamba sukari. Sikusema kitu. Ningesema nini, na mimi mwenyewe Jumamosi humpa simu ili nimalizie mpira?

Mtaani kwetu ubishi huu hauishi: mtoto mdogo abaki nyumbani na dada wa kazi, au apelekwe kwenye kituo cha kulelea watoto mchana, ambacho kila mtu anakiita dei kea? Kila upande una kisa cha kutisha cha upande wa pili. Wa kituo watakuonyesha video ya dada akimchapa mtoto. Wa dada watakusimulia mtoto aliyerudi na jeraha la meno shavuni na hakuna mlezi aliyejua nani kamng'ata. Kwa miaka miwili nilikuwa upande wa dada. Sasa nimehama, ila si kwa sababu ya hizo video. Video inakuonyesha siku mbaya ya nyumba moja, haikwambii chochote kuhusu siku elfu za kawaida za nyumba nyingine.

Ubishi wenyewe umezaliwa na jiji. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam, na wengi wetu tunalala mbali na tunapopatia riziki. Anayekaa Chanika, Chamazi au Kibamba na kufanya kazi Posta, katikati ya jiji, anaondoka giza na kurudi giza. Mabasi ya mwendokasi yaliyoanza 2016 yamewapunguzia adha watu wa njia ya Kimara, ingawa kugombania mlango wa basi Kimara Mwisho asubuhi nako ni kibarua. Mimi natoka saa 11 na nusu, narudi saa 1 na nusu usiku. Mwenzangu ana fremu ya vitenge Kariakoo, na wateja wake wa mikoani hawajui saa ya kufunga. Kuna wiki ambazo Nasra tunamwona amelala asubuhi na tunamkuta anasinzia usiku.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama aliyeajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi, 100 akijifungua mapacha. Baba ana siku 3. Zangu, moja iliishia kwenye dirisha la malipo ya hospitali, ya pili nikapokea wageni, ya tatu nikalala. (Wakenya wana wiki mbili, na sijasikia kwamba uchumi wao umeanguka kwa sababu hiyo.) Sheria hiyohiyo inataka mama anayenyonyesha aruhusiwe hadi saa 2 kwa siku, ndani ya muda wa kazi, akamnyonyeshe mtoto. Kifungu kizuri, lakini kinafaa kwa mtu ambaye mtoto wake yuko nyumba ya tatu kutoka ofisini. Kwa mama wa Chanika saa 2 hizo hazimfikishi nyumbani na kumrudisha kazini. Mwenye bahati huelewana na bosi wake atoke mapema. Asiye na bahati hukamua maziwa chooni.

Kwa hiyo mtoto akitimiza miezi mitatu, nyumba inatafuta mikono. Zamani mikono ilikuwepo. Ile nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo na Ilala, yenye korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, na uani nyuma, ilikuwa kituo cha kulelea watoto bila kibao mlangoni. Mama mmoja akienda sokoni, watano walikuwa wanapika, na watoto wa vyumba vyote walicheza mdako na ukuti palepale, wakubwa wakiwabeba wadogo mgongoni. Sisemi ilikuwa pepo. Watoto waliungua na maji ya moto, na wambeya walikuwepo. Lakini hakuna mtu aliyelea peke yake. Nyingi ya nyumba hizo zimekuwa maghorofa ya maduka, na sisi tumehamia nyumba zenye geti ambako jirani unamjua kwa sauti ya gari lake.

Kuna wanaomleta bibi. Mama yangu alikuja kutoka Korogwe, akakaa miezi miwili, akasema nyumba hii haina hata mti wa kukaa chini yake, akarudi zake.

Sasa hoja ya dada. Nguvu yake ya kwanza ni kwamba mtoto anabaki kwao. Analala kitandani kwake, anakula akiona njaa, haamshwi usiku wa manane kuvalishwa soksi. Akiwa mchanga hoja hii ni nzito mno, kwa sababu mtoto wa miezi mitano hahitaji wenzake kumi, anahitaji mtu mmoja anayemjua. Dada wetu alijua kilio cha njaa na kilio cha usingizi kabla yangu. Pia magonjwa ni machache: watoto wakikaa pamoja wanagawana mafua, macho mekundu na kuharisha kama wanavyogawana biskuti. Na dada yupo usiku. Mvua ikipiga na bonde la Jangwani likafurika, barabara ikafungwa, wewe umekwama mjini saa 3 usiku, dada ameshamlaza mtoto. Hakuna kituo kitakachokufanyia hivyo.

Udhaifu wake hautajwi vizuri. Tunasema madada wa siku hizi hawana adabu, wanashika simu, wanaondoka bila kuaga, anakwenda msibani Singida na harudi. Ni kweli wanaondoka. Lakini tazama tunachowapa. Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa kawaida wa ndani anayeishi kwa mwajiri, na 120,000 kwa asiyelala hapo, na wapo wanaolipa chini ya hapo na usingizi wanaupata. Kwa pesa hiyo tunataka mpishi, dobi, mlinzi na mwalimu wa awali katika mtu mmoja, ambaye mara nyingi ni binti wa miaka 17 au 18 aliyetoka kwao bila kuaga utoto. Tunamlaumu kwamba hachezi na mtoto. Sisi tulimwajiri kwa kazi za nyumba, malezi tukaongezea juu kama nyongeza ya mchuzi.

Ndiyo maana naona makosa kumlaumu kwa ajili ya luninga. Luninga ndiyo msaidizi wake, dada wa dada. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo: mtoto wa chini ya miaka miwili asiwekwe mbele ya skrini kabisa kukaa tu na kutazama, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Mwongozo huohuo unataka mtoto wa mwaka mmoja hadi minne atembee, akimbie, aruke, achezecheze, jumla ya angalau dakika 180 kwa siku. Watu wengi wanaikumbuka ile saa moja na kuisahau hii namba ya pili, na hii ndiyo inayonisumbua mimi. Dakika 180 ni saa tatu nzima. Katika nyumba ya vyumba viwili na uwa wa hatua nane, huku geti limefungwa kwa sababu ya bodaboda na wezi, saa hizo tatu zinapatikana wapi? Nasra alikuwa anazitumia kifudifudi.

Upande wa kituo unajivunia kile ambacho dada hawezi kukitoa hata akiwa malaika: watoto wengine. Mtoto wa miaka miwili na nusu anajifunza kusubiri zamu ya bembea kwa mtoto mwenzake, wala si kwa mtu mzima anayemwonea huruma. Anaiga maneno, anaiga kula mwenyewe, na wengine wanaacha pampasi wiki ya pili kwa kuona wenzao wamepanga foleni kwenye vipoo. Kituo chenye walezi wawili kina kitu kingine ambacho sisi wenye kamera za ukutani hatununui kwa bei yoyote, yaani mtu mzima wa pili. Mmoja akichoka, mwingine anashika. Hasira nyingi zinazomwangukia mtoto ni za mtu aliyebaki peke yake tangu alfajiri.

Nilitembelea vituo vitatu nikiwa nimepona, sitavitaja. Cha kwanza kilikuwa na rangi nzuri ukutani, basi la njano, sare, na ada ambayo mwenzangu aliniuliza mara mbili kama ni ya mwaka. Watoto wa miaka mitatu walikuwa wamekaa kwenye viti wakinakili herufi. Ukiwauliza swali lolote kwa lugha yoyote wanajibu "fain thenkyu." Msimamizi alinionyesha picha za mahafali: watoto wamevaa majoho na kofia, wawili wanalia kwa joto, keki ya ngazi tatu. Kila mzazi alichangia. Nilijiuliza huyu wa miaka mitatu anahitimu nini, na nikakumbuka kwamba kwa sera yetu ya elimu hata darasa la awali ni la mtoto wa miaka mitano. Kabla ya hapo hakuna anayekudai mwandiko.

Cha pili kilikuwa sebule. Sebule ya kawaida, mapazia yamefungwa, mikeka chini, watoto nilihesabu 23 na mlezi mmoja wa umri wa dada yetu. Luninga ilikuwa inawaka. Yaani mtu anaweza kumtoa mtoto kwenye katuni za kwao, akalipia nauli na ada, akamkalisha kwenye katuni zilezile na foleni ya choo. Kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya 2009 vituo hivi vinatakiwa kusajiliwa na kukaguliwa, na wahusika ni maofisa ustawi wa jamii. Niliomba kuona cheti, nikaambiwa kipo kwa mkurugenzi, na mkurugenzi yuko safari.

Cha tatu kiko dakika saba kwa miguu kutoka kwetu. Ni kwa mwalimu mstaafu, mama wa makamo ambaye mtaa mzima unamwita Bi Mwalimu. Watoto 14, walezi wawili na yeye mwenyewe. Hakuna basi, hakuna sare. Kuna mwembe, mchanga, matairi ya gari yaliyofukiwa nusu, na madumu yaliyokatwa. Nilipofika walikuwa wanapiga chafya kwa vumbi, mmoja amevaa sufuria kichwani. Bi Mwalimu aliniuliza maswali mengi kuliko niliyomuuliza: Analala saa ngapi? Anaogopa nini? Nani atakuja kumchukua, na nikimwona mtu mwingine nimkatalie? Kile chumba cha kulala kilinishinda kusema: baada ya uji na wali wa mchana, vichwa 14 juu ya mkeka, kila mmoja na kanga ya mama yake kama shuka, na mlezi amekaa katikati akimpepea mmoja mwenye jasho kwa kipande cha boksi.

Hapo ningeweza kutangaza kwamba kituo kimeshinda. Tatizo ni saa. Bi Mwalimu anafungua saa 1 asubuhi na kufunga saa 10 na nusu jioni, na ana haki, naye ni mtu. Mimi natoka saa 11 na nusu alfajiri. Pande zote mbili zinabishana juu ya nani analea vizuri zaidi na kuruka hesabu hii: kwa familia nyingi za Dar kituo hakiondoi haja ya dada. Kati ya saa ya kutoka kwetu na saa ya kufungua kuna saa moja na nusu, kati ya kufunga na kurudi kwetu kuna saa tatu. Lazima awepo mtu. Mwenye kipato kidogo hawezi kulipa wote wawili, kwa hiyo anamwachia mtoto mkubwa, jirani, au kufuli. Hivi visa vya kufuli tunavisoma moto ukishawaka.

Presha hii ya saa ndiyo iliyowasukuma wazazi wengine kuwapeleka watoto bweni wakiwa hata kamba za viatu hawajui kufunga, mpaka serikali ikatoa waraka unaozuia bweni kwa watoto wa darasa la awali hadi la nne kuanzia Machi 2023. Nakubaliana na waraka huo. Ila uliziba mlango mmoja bila kuuliza wale wazazi walikuwa wanakimbia nini. Ulikuwa wakati mzuri wa kuwauliza waajiri kuhusu saa za kazi, na halmashauri kuhusu vituo vya sokoni na karibu na vituo vya mabasi, mahali mama anapopita kila siku.

Halafu kuna burudani, ambayo sisi wazazi wa jijini tunaifanya ya wikiendi, kama madeni yanayolipwa kwa mkupuo. Jumapili moja tulimpeleka Nasra kwenye michezo ya ndani ya jengo moja la maduka makubwa: mapira ya rangi, ngazi, jumba la kurukia lililojazwa upepo. Nusu saa shilingi 10,000. Ukiongeza chipsi, soda na bajaji ya kwenda na kurudi, tulitumia 38,000. Nusu saa ilipoisha alilia mpaka mlinzi akaja. Nilipofika nyumbani nilipiga hesabu nikaona aibu: ile Jumapili ilikula zaidi ya wiki moja ya mshahara wa dada, naye siku hiyo alibaki nyumbani akifua.

Simchukii anayekwenda huko. Kuna jua, na kuna mvua za masika. Lakini Dar bado ina burudani ambazo hazina saa ya ukutani: Coco Beach asubuhi kabla umati wa mihogo na miskaki haujafika, Kijiji cha Makumbusho chenye nyumba za makabila ambazo mtoto anaweza kuingia na kutoka, uwanja wa vijana wa Kidongo Chekundu uliofunguliwa 2015. Tatizo ni kwamba zote ziko mbali na Tabata, Mbagala na Gongo la Mboto, waliko watoto. Kiwanja cha mtaani kwetu, kile ambacho wenyeji wanasema palikuwa pa mpira, leo ni gereji na fremu sita. Mtoto wa miaka miwili hahitaji bahari kila wiki. Anahitaji mahali pa kukimbia ambapo unafika bila nauli, kila siku, na wenzake wapo.

Uamuzi wangu, basi, unapimwa kwa umri na umbali. Chini ya mwaka mmoja na nusu hivi, mtu mmoja nyumbani, anayelipwa vizuri na kupunguziwa kazi nyingine. Baada ya hapo, kituo cha karibu na nyumbani, wala si karibu na kazini, hata kama cha mbali kina basi na rangi nzuri zaidi. Mtoto anayeamshwa saa 10 alfajiri kwenda kulelewa vizuri mjini analipia malezi hayo kwa usingizi, na mwongozo uleule wa 2019 unamtaka mtoto wa miaka mitatu au minne alale jumla ya saa 10 hadi 13 kwa siku. Najua mwenye chumba kimoja Manzese na biashara ya mama lishe hana uhuru huu wa kuchagua, na kwake kituo cha bei nafuu jirani na soko kina thamani kuliko uchambuzi wangu wote.

Nasra amekwenda kwa Bi Mwalimu wiki ya tano sasa. Alianza na mafua, yakapona, yakarudi. Wiki ya kwanza alilia getini, wiki ya pili akalia kukataa kurudi. Anajua wimbo mmoja ambao hakuna mtu nyumbani anayeuelewa, na amejifunza kusema "zamu yangu" kwa sauti ya kutisha.

Dada bado tunaye, kwa zile saa za mwanzo na za mwisho. Asubuhi ya kwanza baada ya kumpeleka mtoto alirudi, akasimama uani, hakujua akae wapi. Jioni akamwambia mwenzangu, "Mama, kuna fundi pale kwa Mnyamani anafundisha cherehani asubuhi." Tumekubaliana aanze Jumatatu. Kilichobaki ni nguo za kufua, na kwa jinsi mwenzangu alivyonitazama wakati wa chakula, nadhani najua ni kazi ya nani.